Oveni mpya ya kabatini, na fundi aliyekataa plagi

Naoka kwa oda: mkate wa mayai, mkate wa sinia, nankhatai, keki za harusi, na siku za Ijumaa kuku wa oveni kwa jamaa wanaopiga simu mapema. Nakaa Ganjoni, Mombasa, ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene na nyaya za enzi hizo hizo. Nimebadilisha oveni, nimeitumia Ramadhani nzima na Idi yake, na sasa naweza kusema kwa yakini kuhusu vitu vitatu nilivyolipia: oveni yenyewe, duka lililoniuzia, na fundi wa stima aliyeifunga. Oveni ni nzuri. Duka ni la wastani. Fundi ndiye nitakayemwandikia zaidi, kwa sababu bila yeye oveni nzuri ingekuwa hatari ndani ya nyumba yangu.

Ile ya zamani ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, imepachikwa kabatini chini ya kaunta. Ilinifaa miaka mingi na siisemi vibaya. Lakini hewa ya chumvi ya hapa kwetu haina huruma na chuma. Bawaba za mlango zililiwa na kutu, mlango ukawa haufungi sawasawa, feni ya ndani ikawa inalia, na koili ya chini ikapoteza nguvu. Mkate wa mayai ulikuwa unatoka juu umekauka na chini bado unanata. Mteja akikurudishia sinia moja la mkate, jina linaharibika mtaa mzima.

Kabla ya kwenda dukani nilipima tundu la kabati kwa futi ya chuma, upana, kimo na kina, nikaandika kwenye karatasi nikaiweka kwenye mkoba. Oveni nyingi za kabatini zafuata kipimo kimoja cha Ulaya: uso wake ni kama milimita 595 kwa 595, na tundu latakiwa liwe na upana wa milimita 560 hadi 568, kimo cha 600, na kina kisichopungua 550. Upana na kimo changu vilikuwa sawa. Kina ndicho kilichonitia wasiwasi, kwa sababu nyuma ya oveni ya zamani kulikuwa na soketi iliyotokeza ukutani. Anayenunua bila kupima huko nyuma ataleta oveni nyumbani, ataisukuma, na itagoma kuingia huku uso wake umetokeza nje kama droo iliyojaa nguo. Hapo ndipo watu huanza kulazimisha, na waya hubanwa kati ya bati la moto na ukuta.

Dukani walikuwa na oveni za namna nyingi. Nilichagua ya Kituruki, ya lita 70 na kitu, yenye feni, moto wa juu na wa chini unaoweza kuwashwa mbalimbali, na mlango wa vioo viwili. Shilingi 62,000. Nembo ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, niliitafuta kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi tu, na nikaikuta. Risiti walinipa bila kuvutana. Kijana wa mauzo alikuwa na adabu na alinieleza vizuri kila alama kwenye kitufe. Mpaka hapo nampa haki yake.

Tatizo lilikuja nilipouliza kuhusu kuifunga. Aliniambia duka hutoa huduma hiyo bure.

"Huja na fundi wa stima?"

"Mama, hii haihitaji fundi wa stima. Twaitia plagi, twaichomeka, twaisukuma ndani. Nusu saa."

Nikamwomba anifungulie mlango wa oveni ya maonyesho nione kibati cha namba, kile kidogo kinachobandikwa pembeni mwa fremu. Kilisema volti 220 hadi 240, hezi 50, na nguvu ya juu kabisa wati 3,400. Sasa hesabu hii kila mwenye jiko anaifanya bila kuwa mhandisi. Stima yetu ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Mara 240, hiyo ni wati 3,120 tu. Oveni ya wati 3,400 yavuta ampea 14 na ushei ikiwasha kila kitu. Yule kijana alikuwa tayari kunitilia kifaa kilichoizidi plagi yake, kisha aifiche nyuma ya kabati ambako hakuna mtu atakayeona inavyobadilika rangi.

Nilimwambia alete oveni tu, kufunga nitashughulika mwenyewe. Hakubisha. Na nilipokwenda nyumbani nikasoma kadi ya dhamana, nikakuta imeandikwa wazi kwamba dhamana ya mwaka mmoja yataka oveni iwe imefungwa na fundi mwenye leseni. Duka lauza dhamana kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mkono wa pili. Hilo ndilo lililoniondolea imani nalo, na ndiyo sababu nasema ni la wastani. Usafirishaji ulikuwa mzuri: pikapu ilifika saa waliyoahidi, na wapagazi wawili wakapandisha ngazi bila kugonga ukuta. Niliwazuia tu wasiishike kwa mkono wa mlango. Oveni ya namna hii ina uzito wa kilo 30 na zaidi, na ule mkono haukuundwa kuubeba.

Fundi niliyemwita nilielekezwa na jirani aliyefanyiwa kazi ya nyaya za nyumba nzima. Nilipompigia simu, swali langu la kwanza lilikuwa kama ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi iliyochukua nafasi ya ERC mwaka 2019. Hakukasirika. Alinitumia picha ya cheti kwenye simu, jina na namba, na ngazi yake. Leseni hizo zina ngazi, kuanzia C-2 kupanda mpaka A-1, na kwa kazi ya jiko la nyumba si lazima uwe na mtu wa ngazi ya juu, lakini lazima awe nayo. Wako mafundi wengi hapa mjini wenye mikono mizuri na hawana karatasi. Siwadharau, ila kwa kitu kitakachowaka wakati wajukuu wangu wanacheza sebuleni, nataka mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali.

Alipofika alisalimia, "Shikamoo mama," akavua viatu mlangoni, na nilidhani ataenda moja kwa moja kwenye boksi la oveni mpya. Hakuligusa. Alisema, "Mama, nionyeshe kwanza boksi ya stima."

Boksi yetu ni ile ya zamani yenye fyuzi za kuzungushia waya. Aliifungua, akaiangalia kwa tochi kwa utulivu, kisha akaja jikoni akasoma kibati cha oveni mpya na ukurasa wa kitabu wenye mchoro wa nyaya. Kitabu chataka laini, yaani njia ya waya kutoka kwenye boksi, iliyokingwa na breka ya ampea 16, ile swichi inayojikata yenyewe stima ikizidi. Ndipo akaniambia bila kuzunguka kwamba soketi ile ya nyuma haitatumika. Inagawana waya mmoja na friji, birika na soketi zote za kaunta. Nikiwasha oveni na birika pamoja, waya ulioko ndani ya ukuta utapata moto, na moto wa ndani ya ukuta hauna harufu mpaka umeshafika mbali.

"Waweza kuitia plagi kwa muda?" nilimjaribu, nataka kusikia atasemaje.

"Hapana mama. Kazi hiyo siifanyi. Ukitaka plagi, tafuta mwingine, na mimi sitakudai nauli."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Alipendekeza laini mpya, ya oveni peke yake, kutoka kwenye boksi mpaka jikoni. Kebo ya shaba ya milimita 4 za mraba. Nilimwuliza kwa nini si ile ya 2.5 ambayo ni rahisi, na maelezo yake yalinifunza kitu. Majedwali ya kebo, alisema, yanahesabu kwamba hewa inayoizunguka ina nyuzi 30. Juu ya kabati la jiko la Mombasa, mchana wa Machi, ni zaidi ya hapo, na kebo ikiwa ndani ya bomba pamoja na joto la namna hiyo uwezo wake unapungua. Kwa hiyo unapanda ngazi moja ili usiifanyishe kazi kwenye mpaka wake kila siku. Tofauti ya bei kwa mita chache haikuwa kubwa.

Vifaa alivyoandika nilivinunua mwenyewe mjini: kebo, bomba lake, boksi ndogo ya breka, breka ya ampea 16, RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja), swichi ya ampea 20 yenye taa, na kipande cha waya laini wa mpira unaostahimili joto, kwa sababu oveni ilikuja bila waya. Hapo kwenye waya laini nasisitiza. Wauzaji watakupa ule mweupe wa plastiki wa kawaida, kwa sababu ndio walio nao karibu. Nyuma ya oveni kuna joto, na plastiki ya kawaida hulainika, kisha hukauka na kupasuka. Niliondoka duka la kwanza mikono mitupu nikaupata wa mpira kwa mwingine. Vyote pamoja havikufika shilingi 10,000.

Siku ya kazi ndiyo niliyoitazama kwa macho mawili, na naandika alivyofanya kwa sababu ndiyo kipimo cha kumjua fundi wa kweli.

Boksi za mita za nyumba yetu ziko chini, kwenye ukumbi wa ngazi, na kila mtu hupita hapo. Kwanza alitoa testa yake akaijaribu mahali penye stima, ionekane inafanya kazi. Akazima swichi kuu, akachomoa fyuzi ya jikoni na kuitia mfukoni mwake. Akabandika karatasi: FUNDI YUKO KAZINI, USIWASHE. Akamwambia na mlinzi wa nyumba kwa mdomo. Kisha akapanda juu, na kabla hajagusa kitu akajaribu nyaya zote kwa testa: ya moto na ya kurudi, ya moto na ya ardhi, ya kurudi na ya ardhi. Hamna stima. Akateremka tena ngazi zote zile kuijaribu testa upande wa mita ambako stima haijakatwa, kuhakikisha haikufa katikati ya kazi ikamdanganya. Mwanangu wa kiume aliona ni kupoteza wakati. Mimi niliona ni mtu anayetaka kurudi kwake jioni akiwa mzima.

Kuitoa ya zamani hakukuwa na ajabu. Parafujo mbili kila upande, zinaonekana ukifungua mlango. Aliuondoa mlango kwanza kwa kufyatua vishikizo vya bawaba, ili uzito upungue, akaweka meza ya kimo sawa na tundu, wakaivuta yeye na mwanangu taratibu.

Tulichokiona nyuma sitakisahau. Ubao wa mgongo wa kabati ulikuwa umeungua rangi ya kahawa sehemu moja, na plagi, ambayo zamani ilikuwa nyeupe, imekuwa ya manjano na upande mmoja umeyeyuka. Fundi alifungua soketi. Nyaya za zamani, nyekundu na nyeusi, si kahawia na buluu kama za siku hizi. Na waya wa ardhi, ule wa kijani, ulikuwa umekunjwa nyuma, haukufungwa popote, ncha yake imeota kutu ya kijani. Aliyeifunga soketi hiyo, Mungu anamjua, aliona nyaya mbili zatosha kuwasha taa ya oveni na akaenda zake.

Mwenye nyumba aelewe waya huo unafanya nini, kwa sababu oveni hupika vizuri tu bila waya huo na hakuna dalili inayokuonya. Mwili wa oveni ni bati tupu. Koili ikipasuka, au waya wa moto ukachubuka na kugusa bati, bati lote linakuwa na volti 240. Waya wa ardhi ukiwa umefungwa, stima inakimbilia huko kwa nguvu na breka inakata papo hapo. Usipokuwepo, stima inabaki kwenye bati ikimsubiri mtu. Na jikoni kwetu mtu huyo yuko peku, sakafu ya vigae imepigwa deki, mikono ina maji. RCD ni kinga ya pili juu ya hiyo: ile aliyoiweka hukata stima inapopotea milliampea 30 tu, yaani sehemu 30 za elfu moja ya ampea, kabla moyo wa mtu haujadhurika. Ya pili haiondoi haja ya ya kwanza. Aliweka zote mbili, na waya wa ardhi aliupima kutoka jikoni mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa nje, hakuridhika na kuuona kwa macho.

Soketi ya nyuma aliifunga kabisa kwa kifuniko, akaurudisha waya wake wa ardhi mahali pake kwanza. Laini mpya akaileta pembeni, ndani ya kabati la jirani, na swichi akaiweka juu ya kaunta, hatua moja kutoka oveni, si nyuma yake wala juu ya moto. Swichi yenyewe hukata nyaya zote mbili, wa moto na wa kurudi. Sasa kukitokea lolote nanyoosha mkono nakata, na fundi wa kesho ataweza kuitengeneza oveni bila kuivuta kwanza.

Seremala alikuja katikati ya kazi kuutoa ule ubao ulioungua na kukata dirisha la hewa mgongoni mwa kabati, pamoja na mwanya chini yake, kama mchoro wa kitabu unavyotaka. Oveni hizi zina feni ndogo ya kujipoza inayovuta hewa nyuma na kuitoa mbele chini ya vitufe. Ukiziba mgongo, joto halina pa kwenda na sehemu za umeme ndani yake zinakufa mapema. Alitaka shilingi 1,500, nikampa, ingawa kingo zake hazikunyooka sana. Hakuna anayeziona.

Kuunganisha nyaya kwenye oveni kulikuwa kwa haraka: kahawia, buluu, na ule wa ardhi wenye kijani na njano pamoja, kila mmoja na parafujo yake, halafu kibano cha kuushika waya usivutike. Alivuta kila waya kwa mkono kuona kama umeshika. Akaacha waya wa ziada nyuma, wa kutosha kuivuta oveni nje siku nyingine, akaupanga usilale juu ya bati. Oveni ikaingia, uso ukakaa sawa na kabati, parafujo zikafungwa bila kukaza mno.

Halafu, kabla ya kuwasha, alitoa mita nyingine kubwa, ya kupima kama umeme unavuja kati ya koili na bati. Namba ilitoka ndogo kuliko alivyopenda, ingawa haikuwa ya hatari. Akaeleza: koili ya oveni ni bomba lililojazwa unga wa magnesia, na unga huo hufyonza unyevu. Oveni iliyolala ghalani kwenye hewa ya pwani hunywa maji hayo kidogo kidogo, na ndiyo sababu watu hununua oveni mpya, wakaiwasha, RCD ikakata, wakadhani wameuziwa mbovu. Aliiwasha moto mdogo, akaiacha ijikaushe pole pole, akasali adhuhuri, akapima tena. Namba ilikuwa imepanda sana. Kwa wenye nyumba za hapa, hasa wanaofunga nyumba miezi na kurudi, hili ni la kukumbuka kabla ya kumlaumu mtu.

Baada ya hapo tuliipandisha mpaka mwisho wa moto, tupu, madirisha yote wazi, karibu saa nzima. Inatoa moshi kidogo na harufu ya mafuta ya kiwandani. Usioke chochote kabla ya hilo. Harufu itaingia kwenye keki. Nilipozima, feni ndogo iliendelea kuvuma, na fundi akanikataza nisizime swichi ya ukutani mpaka itulie yenyewe.

Sasa oveni. Nilinunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani, nikaiweka nyuzi 180. Ilicheza kati ya 172 na 186, jambo la kawaida kwa sababu thamostati huwasha na kuzima. Mkate wa mayai umepanda sawa pembe zote, na rangi yake ni moja. Nikitumia feni napunguza nyuzi 20, la sivyo juu yakauka kabla ya kati haijaiva. Mkate wa sinia naupika kwa moto wa chini kwanza bila feni, kisha namalizia na wa juu dakika chache. Kuweza kutenganisha moto hivi ndiko kulikonifanya niichague, na sijajuta. Nankhatai naingiza sinia mbili kwa pamoja na feni, zatoka sawa. Kioo cha nje chapata joto la kuhisi lakini hakiunguzi, na kwa nyumba yenye watoto hilo ni kubwa. Taa ya ndani ni hafifu. Sinia moja tu ndiyo iliyokuja nayo, na kwa bei ile walistahili kutoa mbili.

Kuhusu tokeni, mkate mmoja wa mayai, pamoja na kupasha oveni, hula uniti moja na kidogo. Ile namba 3,400 haimaanishi yavuta hivyo wakati wote. Ikishapata moto koili huzimika na kuwaka kwa zamu. Lakini nimeona tofauti ya asubuhi na jioni. Jioni mtaa mzima unapowasha majiko na viyoyozi, volti hushuka, na koili ni kitu kinachoadhibiwa mara mbili: volti ikipungua kwa asilimia 10, nguvu yake hupungua kwa karibu asilimia 19. Ramadhani, oda za futari nilizianza mapema baada ya adhuhuri kwa sababu hiyo, na zote zikatoka kabla ya saa kumi na moja.

Oveni ya zamani waliichukua wanunuzi wa chuma chakavu. Fundi alikata waya wake kwanza, karibu kabisa na mwili, asije mtu huko mbele akaichomeka.

Malipo ya fundi yalikuwa shilingi 7,500 kwa kazi yote, na ameacha karatasi yenye vipimo vyake vyote, sahihi na namba ya leseni, ambayo nimeibana pamoja na kadi ya dhamana. Wako waliotaka kunifanyia kwa 2,000. Kasoro zake nazisema pia: siku ya kwanza alichelewa sana na simu haipokei, na vumbi la kutoboa ukuta aliliacha mpaka nilipomwambia. Bomba la kebo linaonekana juu ya kabati, nitalipaka rangi. Nimekwisha kumwita tena, safari hii kwa hita ya bafuni ya binti yangu kule Kisauni, aufungue mfuniko wake na auangalie waya wa ardhi kabla ya kitu kingine chochote.